Toa Mkono Kwenye Gia

Maneno haya niliyasikia kisimani, na yakanikaa kichwani nisiweze kuyatoa. Walisema Maundu, yule wa ng'ambo ya mto, hakupinduka kwa bahati mbaya. Walisema gia ndizo zilizomkataa. Pikapu yake ni ya gia za mkono, nyuma alikuwa amefunga trela ya mchanga, na katikati ya mteremko gia zikakataa kuingia. Akaenda hivyo hivyo mpaka korongoni, mguu ukavunjika mara mbili. "Gia ya mkono na trela havipatani," wakasema, na kila mama pale akatikisa kichwa.

Nilirudi nyumbani na mitungi yangu minne juu ya punda, na njia nzima sikuwa namwona Maundu. Nilikuwa namwona Winfred.

Winfred ni binti yangu, kifungua mimba wangu. Alifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha mabati huko Mavoko, kisha akarudi hapa Mwala akasema amechoka kufanyia watu kazi, anataka kuuza maji. Mvua ikikosa huku kwetu, hata mchanga wa mto unakauka, na mtu anatembea asubuhi nzima kutafuta mitungi miwili. Alikuwa ameshatengenezewa trela na fundi wa Matuu, na juu yake tenki ya lita elfu mbili imefungwa kwa mikanda ya chuma. Kilichobaki ni gari ya kuivuta. Na gari aliyoitaka ilikuwa pikapu ya dizeli, ya gia za mkono.

Kutoka kisimani kwenda kwa wateja kuna ule mteremko wa kushuka mtoni. Hauna njia ya kuuzunguka. Ni ule ule wa Maundu.

Nilimwambia siku hiyo hiyo, akiwa anapepeta ndengu uani.

"Hiyo ya gia za mkono hununui. Nunua otomatiki."

"Mwaitu," akasema, ndivyo anavyoniita, ndivyo Wakamba tunavyowaita mama zetu. "Ni nani amekufundisha otomatiki leo?"

"Hakuna. Nimesikia ya Maundu."

"Otomatiki si mbaya. Kuna watu wanavuta nazo trela. Lakini ya kuvuta tani mbili na zaidi kila siku kwa hii milima ni ile mpya, na mpya siwezi. Ya zamani mafuta ya giaboksi yanachemka ikipanda na mzigo. Na ikiharibika, hapa nani ataifungua? Ya mkono klachi ikiisha, fundi wa Masii ananibadilishia nikingoja."

"Na mguu wako ukivunjika mara mbili, fundi wa Masii atakubadilishia ukingoja?"

Alicheka, akaendelea kupepeta. Siku tatu tukawa tunasalimiana tu. Namjua. Akinyamaza hivyo, anaenda kununua bila kuniambia.

Siku ya nne nikabeba ndengu kidogo na chupa ya maziwa nikaenda kwa Maundu. Nilimkuta nje kwenye kiti cha plastiki, mguu wa plasta umelazwa juu ya mtungi.

"Mama Winfred," akasema, "umekuja kuona mguu ama umekuja kuuliza gari?"

"Vyote. Anza na gari."

Akanieleza yale yale ya kisimani. Gia ilikataa kuingia. Alijaribu ya tatu, ikakataa. Alijaribu ya pili, ikapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa. Nikamwacha amalize. Mimi niliishia darasa la saba, mambo ya injini siyajui, lakini mtu akinieleza kitu nasikiliza.

"Gia ilikataa kuingia," nikasema. "Kwani ilikuwa imetoka wapi?"

Maundu akaangalia maziwa. Akaangalia mguu.

"Ilikuwa imetoka wapi, Maundu?"

"Ilikuwa frii."

"Frii ni nini?"

"Unatoa gia. Unaacha gari ishuke yenyewe, injini inapumua tu, dizeli haiendi. Madereva wengi hufanya hivyo. Mimi nimefanya miaka minane kwa huo mteremko." Akasugua paja. "Siku hiyo mchanga ulikuwa mbichi, mzito. Nikaona mwendo umezidi, nikakanyaga breki mpaka zikanuka, zikalegea. Ndipo nikatafuta gia. Kwa mwendo ule gia haiingii."

"Na kwa nini umeacha watu waseme ni gari?"

"Gari haiwezi kujibu."

Nilitaka kumgombeza, nikaona plasta, nikaacha. Nikamwambia haya nitayaandika ili mama wengine wayasome. Akafikiria kidogo, akasema niandike, na jina niliweke. Ndiyo maana nimeliweka.

Nilitembea kurudi nyumbani nikifikiria punda. Mambo ya punda nayajua tangu nikiwa msichana. Mkokoteni wenye maji ukishuka, unataka kumpita punda. Punda mzuri anakaa nyuma kidogo, anauzuia kwa matako, hatua kwa hatua. Hakuna mtu mwenye akili anayemfungua punda katikati ya mteremko ati apumzike. Na Maundu alikuwa anamfungua kila siku.

Kumbe gia ya mkono haikumkataa. Ilikuwa ndiyo ya kumshikia mzigo, naye akaitoa.

Nilimkuta Winfred akifunga viatu. "Nunua ya mkono," nikamwambia. Akaziachia kamba za viatu. "Lakini hununui kabla sijaiona ikishuka mtoni na tenki imejaa. Na mimi nikiwa ndani."

"Mwaitu, hakuna mtu anajaribu gari hivyo! Watu wanazunguka kwa lami, wanarudi, wanakubaliana."

"Wewe utauza maji kwa lami?"

Aliyekuwa na pikapu ni dalali mmoja wa Machakos mjini, Jeremiah. Kwenye simu alikataa, akasema gari si ya mchezo. Winfred akamwambia basi. Baada ya saa moja akapiga mwenyewe, anakuja Jumamosi.

Alikuja nayo nyeupe, imeoshwa mpaka inaumiza macho.

"Sasa Winnie. Mathe, mko salama? Hii ni mashine. Hii inavuta nyumba."

"Nyumba hatuhami," nikasema. "Vuta maji."

Tukafunga trela, tukaenda kisimani. Tenki ilipofika nusu Jeremiah akasema inatosha, ni majaribio tu. Nikakataa. Nusu ndiyo mbaya, kwa sababu maji yanapata nafasi ya kukimbia mbele na nyuma, na yakikimbia yanasukuma. Hata mtungi wa nusu humyumbisha punda. Tukajaza mpaka juu. Jeremiah alitazama saa mara nyingi.

Winfred akanyoosha mkono apewe ufunguo.

"Pole, naendesha mimi. Gari bado ni yangu."

Basi nikapanda katikati, Winfred dirishani. Pikapu ya viti vitatu, anayekaa katikati anakaa na gia katikati ya magoti. Nilikunja rinda langu vizuri, nikakaa.

Kupanda ilipanda vizuri, sitasema uongo. Injini ilivuta bila kulalamika, na Winfred akanibinya begani kama mtu aliyeshinda kesi. Jeremiah akawa anaimba wimbo wa kanisa, mikono yote miwili kwenye usukani.

Tulipofika juu, pale mteremko unapoanza, akatia gia ya pili. Wimbo ukaisha. Na mkono wa kushoto ukabaki kwenye gia. Haukuwa umepumzika hapo. Ulikuwa unasukuma. Niliona mishipa ya mkono imesimama.

Mwanzoni mteremko ule ni mpole, na upande wa kushoto kuna tuta la mchanga lililoachwa na maji ya mvua. Nikajua kama ni kuuliza, ni hapo, si mbele.

"Jeremiah, toa mkono."

"Mkono gani, mathe?"

"Huo ulio karibu na magoti yangu."

Winfred akacheka. Jeremiah hakucheka.

"Ni mazoea tu. Dereva hushika gia."

"Ulipokuwa unapanda hukuishika. Toa."

"Mathe, wacha niendeshe..."

"Toa mkono kwenye gia."

Akautoa. Nilihesabu moja, mbili, na kile chuma kikaruka chenyewe kikanigonga goti. Injini ikanyamaza kama mtu aliyezimia. Kelele singeiogopa sana. Ukimya ule ndio ulionitoa jasho, kwa sababu ndani yake nilisikia trela ikitusukuma mgongoni. Jeremiah akakanyaga breki, harufu ya kuungua ikaingia ndani. Akakanyaga klachi, akasukuma gia, vyuma vikalia, haikuingia.

"Tutani!" Winfred akapiga kelele. "Kata kushoto, tutani!"

Akakata. Mchanga ukatushika magurudumu, tukaenda hatua kumi hivi, tukasimama tumeinama upande. Maji yakapiga tenki nyuma yetu, pu, pu, yakatulia.

Hakuna aliyeumia. Tulishuka.

Jeremiah ndiye aliyesema kwanza. Alitoa chini ya kiti kipande cha mpira wa tyubu, kirefu, kimekatwa vizuri, kimezeeka kwa kutumika.

"Hii kitu ni ndogo," akasema. "Ukishuka unafunga hapa kwa gia, unavuta kwa kiti. Haitoki. Wengi wanatembea hivyo."

"Na ulikuwa unaificha," nikasema.

"Sikuficha. Hamkuuliza."

Nilimtazama Winfred, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko ndani ya gari. Alikuwa anautazama ule mpira kama mtu anayepima.

"Ni gia moja tu, Mwaitu," akasema polepole. "Giaboksi inaweza kufunguliwa. Injini umeisikia. Na kiangazi ndicho hiki, watu wananingoja. Nikitumia mpira mwezi mmoja tu, kisha nipeleke kwa fundi..."

Ningeweza kulia. Ningeweza kumwambia nimemnyonyesha, nimemsomesha. Mwanangu ukimvuta hivyo anaenda upande wa pili. Nikauchukua ule mpira mkononi mwa Jeremiah, nikampa Winfred.

"Basi funga wewe. Tuitoe mchangani, ushuke nayo mpaka mtoni. Mimi nitakaa pale pale katikati."

"Wewe huendi."

"Naenda. Kama inakutosha wewe, inanitosha mimi."

Nikapanda. Nikakaa. Kweli ningeenda, wala sikuwa namtisha. Kupitia kioo nilimwona amesimama na ule mpira, anaangalia mteremko mpaka chini kwenye korongo, kisha ananiangalia mimi, kisha mteremko. Jeremiah akauliza, "Sasa?"

Winfred akautupa mpira kwenye bodi, nyuma ya pikapu.

"Mwaitu, shuka," akasema. "Leta mawe tuweke kwenye magurudumu ya trela. Gari ya huyu inaenda bila sisi."

Tukaweka mawe makubwa manne. Winfred akateremsha mguu wa trela, akaitenganisha na gari, na Jeremiah akaondoka taratibu, mkono wake wa kushoto umerudi kwenye gia. Ile trela ilibaki pale tutani. Winfred alifungua bomba, akaita majirani wa karibu waje na mitungi, na lita elfu mbili zikaisha kabla ya jua kutua.

Wiki saba hakukuwa na gari. Kisimani walibadilisha wimbo, sasa wakasema Mama Winfred amemharibia mtoto biashara kwa woga. Nilijaza mitungi yangu nikawaambia ndiyo, naogopa, na nitaendelea kuogopa.

Wakati huo Winfred alikodi trekta, akairudisha trela kwa fundi, ikawekewa breki zake yenyewe. Kisha akapata pikapu nyingine ya dizeli, gia za mkono, kwa mzee mmoja wa Yatta aliyekuwa akivuta nayo maembe. Pikapu yenyewe ni mbaya kwa sura. Mlango mmoja unafunguliwa kutoka nje tu. Yule mzee alipoambiwa tunataka kuijaribu na tenki imejaa, akasema, "Mngeijaribu vipi tena?" na akampa Winfred ufunguo. Nilikaa katikati. Winfred alitia gia ya pili pale juu, akaweka mikono miwili kwenye usukani bila kuambiwa, na ikatushusha mpaka mtoni ikinguruma, taratibu kama hatua za mtu mzima.

Sasa anaenda kila siku, mara nne. Nyinyi mlio na watoto wanaotafuta gari ya kuvuta mzigo, sisemi mwakataze. Nasema muepuke haya:

Kununua pikapu iliyojaribiwa tupu.

Kumwachia muuzaji aendeshe peke yake wakati wa kushuka.

Gia inayoshikwa kwa mkono, kwa mpira, kwa kamba au kwa goti.

Kushuka na frii, hata kama mteremko ni mfupi, hata kama dizeli imepanda.

Kungoja mwendo uzidi ndipo utafute gia ndogo. Itie ukiwa bado juu.

Kukanyaga breki mfululizo mpaka zinuke.

Otomatiki ya zamani kwa mzigo mzito wa kila siku, mahali ambapo hakuna fundi wa kuifungua.

Trela nzito isiyo na breki zake.

Tenki ya nusu.

Kuamini maneno ya kisimani kabla ya kumuuliza mwenye mguu.