Orodha ya Ndiva

Careen alikuwa anatabasamu alipoifuta, na huo ndio ubaya wa mambo haya, yanakukuta ukiwa umejisahau kwa raha. Alikuwa barazani kwao, mlimani juu ya Ndungu, laptopu magotini, akisafisha folda ya mazoezi yake ya chuo. Mwaka wa pili wa kompyuta, likizo, jua limetoka. Akaandika rm, akaweka nafasi, akaweka nyota, maana yake futa kila kilichomo humu, kisha akabonyeza. Lile dirisha jeusi la amri halina tabia ya kuuliza mara mbili. Ukisema futa, linafuta na kukaa kimya kukusubiri useme jingine.

Shida ni kwamba hakuwa kwenye folda ya mazoezi. Asubuhi alikuwa ameingia kwenye flashi kuhakikisha faili la baba yake limo, na hakutoka humo. Flashi yenyewe ilikuwa na vitabu vya chuo na picha za kipaimara cha mdogo wake, lakini hivyo vyote vilikuwa na nakala kwingine. Kisichokuwa na nakala ni orodha ya zamu za maji ya ndiva.

Ndiva yao ni bwawa la udongo na mawe lililochimbwa na mababu. Usiku linakusanya maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, maji yanateremka mferejini hadi kwa mwenye zamu. Mwaka huu mvua za vuli zilibabaisha, mahindi yakajikunja, tangawizi ikawa njano, na zamu ziligombewa vikao vitatu. Kwenye kikao cha pili jirani yao Wilbard alishikana mashati na shemeji yake mbele ya mchungaji. Cha tatu ndicho kilichokubaliana, na saa hiyohiyo Careen alisimama, mtoto wa juzi, akawaambia wazee kwamba daftari linalowa lakini kompyuta hailowi. Baba yake, Mwalimu Aminieli, mstaafu na katibu wa ndiva, akaliweka daftari pembeni. Careen akamfungulia ukurasa mtupu moja kwa moja kwenye flashi, akaenda kugawa chai, na mzee akaichapa orodha yote kwa vidole viwili. Ilikuwa ipelekwe Ndungu mchana wa Ijumaa hii kuchapishwa. Kesho yake, Jumamosi saa tatu, ilikuwa isomwe.

Na sasa haipo. Careen aliona vita vya Wilbard vikianza upya, na baba yake amesimama mbele ya watu na karatasi tupu kwa sababu ya binti yake msomi.

Kilichomzuia asipige kelele ni maneno ya mwalimu wao Kassimu, ambaye somo lake darasa zima lililichukia. Kassimu alipenda kusema kwamba mashine ikifuta faili inafuta jina tu kwenye orodha yake yenyewe. Herufi zinabaki palepale zilipolala mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo ukiharibu, alisema, mikono juu, usiguse kitu.

Careen aliinua mikono juu kweli, peke yake barazani, kuku wakimtazama. Kisha akaishusha na kuanza kuandika programu kwa lugha ya C, akiihifadhi kwenye laptopu, si kwenye flashi. Kazi yake ilikuwa moja: kuifungua flashi bila kujali mafaili, kuisoma baiti baada ya baiti, yaani herufi kwa herufi, tangu mwanzo hadi mwisho, na ikikuta neno aliloipa, ionyeshe maandishi yaliyo karibu nalo. Mara ya kwanza ilikataa kabisa. Mara ya pili ikakubali halafu ikaanguka, kwa kuwa alikuwa amechungulia sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Chuoni makosa kama hayo yalimfanya afunge mashine akalale. Leo hapakuwa na kulala. Mara ya tatu ikatembea.

Akaipa neno Hezroni, jina la mwenyekiti. Hakuna. Wilbard. Hakuna. Akataja majirani wote, mmoja baada ya mwingine, kuanzia bondeni hadi juu kanisani. Hakuna hata mmoja. Akajaribu Jumatatu, zikamwagika ratiba za chuo na matangazo ya kwaya. Hapo ndipo alipoamini kwamba herufi za baba yake zimeshafunikwa, na machozi yakaanza kumtoka bila kuombwa.

Mwalimu Aminieli alimkuta hivyo, akitoka shamba na jembe begani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona shikamoo ya pili? Si tumeonana asubuhi?"

"Baba, nimeifuta orodha."

Mzee aliegemeza jembe ukutani. Akakaa kwenye kigoda, akavua kofia.

"Yote?"

"Yote. Lakini huenda bado imo humu ndani, haionekani tu. Nikipata neno moja ulilochapa, nitaivuta. Nimetafuta mzee Hezroni, nimetafuta Wilbard, nimetafuta kila mtu. Hawamo."

"Hawawezi kuwamo."

"Kwa nini?"

"Careen, mwanangu, maji haya umeyanywa tangu unanyonya, hujui kwamba orodha ya ndiva haiandikwi mtu aliye hai? Ukiandika Wilbard, Wilbard atakuja kuligombania jina lake. Tunaandika waliochimba. Wilbard anapata maji kwa jina la Senkondo. Sasa nani atamkunja shati Senkondo?"

Careen alijifuta pua kwa kiganja. Tangu kidato cha kwanza alikuwa bweni Same mjini, na habari za ndiva alizisikia kwa mbali, wakati wa likizo, kama mambo ya wazee.

"Hukuniambia, baba."

"Hukuniuliza. Ulikuwa unanifundisha."

Akaandika Senkondo. Akakosea herufi, akarudia. Taa ya flashi ikawa inapepesa, wao wawili wameinamia kioo, na mzee ananuka udongo na jasho. Ilichukua muda wa mtu kuchemsha chai. Halafu mistari ikajitokeza yote kwa pamoja: Senkondo, Kajiru, Mashauri, na siku zao zimefupishwa kwa namna ileile aliyozoea baba yake kuzifupisha ubaoni.

Careen alipiga kelele, akacheka, akalia tena, safari hii kwa sauti. Baba yake aliyafuata majina yote ishirini na mawili kwa kidole.

"Wote wapo," alisema. "Nyamaza sasa, utailowesha hiyo isiyolowa. Lete daftari."

Akamsomea, mzee akaandika kwa mkono wake mzuri wa ubaoni. Walipomaliza, Careen aliihifadhi orodha mara tatu, sehemu tatu.

Jumamosi saa tatu watu walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa ndiva. Mwalimu Aminieli aliita majina, na kwa kila jina mtu wa nyumba ile aliitikia, "Yupo." Wilbard alimwitikia Senkondo kwa upole usio wa kawaida yake. Kisha katibu akafika kwa Nakijwa, bibi aliyeuchimba mfereji akiwa na mtoto mgongoni, jina la nyumba yao wenyewe. Baba mdogo wa Careen, aliyekuwa akiitikia, alikuwa amehamia Lembeni, na msomaji hajiitikii mwenyewe. Mzee akainua macho juu ya miwani, akamtazama binti yake.

"Nakijwa."

"Yupo!" Careen alijibu, kwa nguvu hadi watu wakacheka.

Baba yake akaweka alama kwenye daftari, akaita jina lililofuata.