Sarafu Chini ya Sakafu ya Warumi

Sarafu ilitoka saa nne na nusu asubuhi, na Stanojla aliyeichokoa kwa mwiko wake alitamani airudishie udongo kabla mtu hajaiona. Haikuwa na kichwa cha mfalme wa Roma. Ilikuwa dinari hamsini ya Yugoslavia, ya mwaka 1987, nayo ililala nusu mita chini ya sakafu ya chokaa ambayo vitabu vyote vya makumbusho vilisema haijaguswa tangu askari wa Kirumi walipoihama ngome yao pale kando ya mto Danube.

Stanojla alikuwa msimamizi wa wachimbaji, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwenye mikono migumu na ulimi usiobembeleza mtu. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, mzee Paun, na ndiyo maana aliielewa ile sarafu kuliko alivyotaka. Msimu wa kuchimba ukiisha, kabla shimo halijafukiwa, msimamizi huweka chini kabisa sarafu ya mwaka ule, ili watakaokuja baadaye wajue kwamba wenzao walifika mpaka hapo. Ni kama kutia sahihi. Tatizo ni kwamba mwaka 1987, kwa maandishi, hakuna aliyefika hapo.

Dokta Desanka, mkuu wa uchimbaji aliyeletwa kutoka mji mkuu, alishuka ngazi akainama. Chini ya sarafu udongo wa mfinyanzi ulikuwa umebaki na alama ya duara, pana kama sinia la pilau, na ukingo wake ulikuwa na kijani cha shaba iliyokaa sana ardhini. Alipapasa sakafu kando ya shimo kwa kidole, akaona sasa kile ambacho wote walikuwa wamekikanyaga wiki nzima: kiraka cha mraba, kimezibwa na fundi hasa.

Alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye matoroli, kwamba mtu alichimba hapo, akachukua vyombo, akafukia na kupiga chokaa upya. Na mtu huyo hakutoka mwezini.

“Themanini na saba,” alisema Trailo, mchimbaji mmoja mwenye meno mawili ya dhahabu na mdomo usio na mlango. “Msimamizi alikuwa nani vile? Uzee huu jamani, nimesahau.”

Hakuwa amesahau. Hakuna aliyesahau. Kijiji kizima kilikuwa kikinong'ona tangu Stanojla angali msichana kwamba Warumi walimlisha Paun vizuri kuliko makumbusho yalivyomlipa. Stanojla alikuwa ameshapigana shuleni kwa ajili ya neno hilo, akagombana na mawifi kwa ajili yake, na mara moja alimmwagia mtu supu ya maharage harusini. Lisemwalo lipo, walimwambia, na kama halipo laja. Sasa lilikuwa limekuja, tena mikononi mwake.

Alimwambia Dokta kwamba mwizi haachi sarafu. Mwizi anafuta nyayo zake. Anayeweka sarafu ni mtu wa kazi, tena kazi ya halali.

“Au imemdondoka mfukoni,” alijibu Desanka. “Sikiliza, Stanojla. Ijumaa napeleka taarifa makumbusho. Ukiniletea maelezo mengine, nitayasoma. Usiponiletea, nitaandika ninachokiona: wizi uliofanywa na mtu wa ndani. Na wewe utakaa pembeni mpaka polisi wamalize.”

Halafu akafanya jambo lililomkereketa Stanojla kuliko maneno yote hayo. Badala ya kuitia sarafu kwenye mfuko wa plastiki na kuiandikia kibandiko, kama inavyofanyiwa hata pande la kigae, aliitumbukiza kwenye mfuko wa shati lake. Stanojla alimwangalia. Huyu Desanka alikuwa mwanafunzi wa marehemu Profesa Vukadin, aliyechimba ngome ile miaka ishirini na ambaye ukumbi mzima wa makumbusho una jina lake. Je, haraka hii ilikuwa ya kumkamata Paun, au ya kumfunika mtu mwingine? Basi Stanojla akanyoosha kiganja na kukiacha hapo, mbele ya wachimbaji wote, mpaka sarafu ikatolewa. Aliiandikia kibandiko mwenyewe.

Mchana huo alikula peke yake. Wengine walikaa kivulini na mkate wao na jibini, na kila alipogeuka aliona mtu akigeuza uso. Yeye pia alianza kuwapima mmoja mmoja. Trailo alikuwa na umri wa kutosha kuchimba mwaka ule. Na meno yale ya dhahabu, aliyapata wapi? Shaka ina ubaya huo, ukiifungulia mlango inaingia na jamaa zake wote. Alijichukia kwa kumfanyia Trailo yaleyale aliyokuwa akifanyiwa baba yake.

Jioni, jua bado lipo, alimkuta Paun uani akimenya pilipili hoho zilizochomwa. Mzee alikuwa na miaka themanini na saba, magoti yameisha, akili haijaisha. Stanojla alivuta kigoda, akamwambia kwamba wamepata sarafu ya zamani za Yugoslavia katika chumba cha sita. Hakusema zaidi. Alitaka kuuona uso wake.

Paun alimaliza kumenya pilipili aliyokuwa nayo.

“Kona ya kaskazini?” aliuliza.

Stanojla alisogeza kigoda karibu. Hakuwa ametaja kona.

“Baba, nimekutetea miaka yote hii.”

“Najua, mwanangu. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kukwambia.”

Akasimulia bila kuinua macho. Msimu ulikuwa umefungwa tangu Julai. Jumapili moja ya Agosti, kijiji kizima kimekwenda kwenye sikukuu ya monasteri, Profesa Vukadin alikuja peke yake na gari lake, akasema makumbusho yanataka shimo moja dogo la uhakiki, halina haja ya kuingia kwenye daftari. Paun alikuwa na shaka tangu neno hilo la daftari, lakini alichimba. Walitoka na sinia, mtungi na vikombe vitano, shaba iliyonakshiwa fedha, vimefungwa pamoja kana kwamba mwenyewe alikuwa akikimbia maadui na kutumaini kurudi. Profesa aliviviringisha katika blanketi. Alimwambia afukie vizuri na asiache alama yoyote.

“Nikaacha,” alisema Paun. “Kumsema sikuthubutu. Nani angemsikiliza mbeba sululu mbele ya profesa? Nikaiambia ardhi.”

“Na wewe ulipata nini?”

Mzee alichukua pilipili nyingine. Kisha akasema kwamba Oktoba lori lilileta vigae vipya vya paa, vya kutosha nyumba nzima. Hakuna aliyesema vimetoka kwa nani, naye hakuuliza. Alipanda akaezeka kabla ya theluji.

“Kwa hiyo waliyosema ni kweli,” alisema Stanojla.

“Nusu.”

“Nusu ipi, baba?”

“Ile tunayolala chini yake.”

Kesho yake asubuhi Stanojla alimweleza Desanka yote katika kibanda cha kuhifadhia vitu, mlango umefungwa. Dokta alikaa juu ya kreti la vigae. Alikuwa amekwajuka, lakini kama alishtuka kweli au alikuwa akijua muda mrefu, Stanojla hakuweza kusema, na mpaka leo hawezi. Alichosikia ni kwamba sauti ilibadilika ikawa ya asali.

“Dada Stanojla,” alisema Desanka, ambaye hajawahi kumwita dada. “Profesa amekufa. Mzee ana miaka mingapi tena? Sarafu inaweza kudondoka mfukoni mwa mtu. Lile duara linaweza kuwa mzizi. Nikiandika hivyo, hakuna polisi, na hakuna wa kumnyooshea baba yako kidole.”

Kishawishi kilikuwa kizuri, na Stanojla hajifanyi kwamba hakikumgusa. Neno moja tu, mzizi, lingemnyamazisha Trailo, na mawifi, na kijiji. Lakini alikuwa amefukua mizizi maisha yake yote, na hajaona hata mmoja wenye kijani cha shaba. Alichukua daftari la kazi, lile lenye kurasa zilizopigwa namba, ambalo kilichoandikwa humo hakifutwi wala ukurasa hauchanwi, akalitia kwapani.

“Ukiandika, atakufa akiitwa mwizi,” alisema Desanka.

“Atakufa akiitwa alivyokuwa. Na mwenye ukumbi naye vilevile.”

Aliandikia nyumbani, kwenye meza ya jikoni, kwa mwandiko wa polepole. Chumba cha sita, kona ya kaskazini. Shimo lilichimbwa Agosti 1987 kwa amri ya Profesa Vukadin, bila kumbukumbu. Vyombo saba vilitolewa, havijulikani vilipo. Mchimbaji: Paun, msimamizi, aliyeweka sarafu na baadaye akapokea vigae. Kisha akamsomea mzee kwa sauti.

Paun alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama alivyokuwa akikagua kazi ya vijana wake zamani. Hakulia wala hakujitetea. Alisema tarehe iongezwe, ilikuwa tarehe tisa. Alisema mtungi ulikuwa na mpini uliovunjika, naye aliuvunja kwa sepetu, iandikwe hivyo.

“Na umemsahau mmoja,” alisema.

“Nani? Ulisema mlikuwa wawili.”

“Chini tulikuwa wawili. Juu ya ukuta kulikuwa na mtu wa kuangalia barabara. Tulimwambia akiona mtu anakuja, aimbe.”

Stanojla alikuwa na miaka kumi na minne kiangazi kile. Aliikumbuka Jumapili hiyo, tena aliikumbuka kwa raha, maana katika utoto wake wote ilikuwa siku pekee ambayo baba alimchagua yeye peke yake na kumwacha kila mtu aende sikukuu. Alinunuliwa chupa nzima ya maji ya cheri. Aliketi juu ya ukuta wa ngome akitafuna mbegu za alizeti, na alipotokea mchunga mbuzi aliimba kwa nguvu zake zote, na chini yake sululu ikanyamaza. Aliamini ni mchezo. Siku hiyo amewasimulia wanawe mara nyingi, kuwaonyesha babu yao alivyompenda.

Alikaa akiutazama ukurasa. Nafasi ilikuwa imebaki, mistari mitatu. Hakumuuliza baba yake kwa nini alimtumia, kwa kuwa jibu alilijua: mtoto akiimba juu ya ukuta, hakuna anayemshuku.

Aliandika: Mlinzi, Stanojla binti Paun. Akaongeza ile tarehe tisa mbele ya Agosti, akatia sahihi, na kumsogezea mzee kalamu.