Beberu Aliyevunja Kioo cha Venance

Beberu yule nilimtengeneza mimi, Jumapili baada ya misa, hapa Kirushya, kwenye kilabu cha rubisi, pombe ya ndizi, kwa Secilia. Venance, dereva wa ndizi, alikuwa amepita na lori la Fuso, kioo cha mbele kimepasuka upande wa dereva, nyufa zimetanda kama nyumba ya buibui. Watu wakaniuliza mimi, dereva mstaafu, kimepatwa na nini. Ningesema jiwe, wangerudi kwenye vikombe vyao. Nikasema beberu. Kwamba Venance alimpakia mbele, akamfunga na mkanda kabisa, na njiani beberu akaona pembe za mwenzake ndani ya kioo, akazipiga kichwa.

Walicheka mpaka Secilia akamwaga kinywaji. Nilikwenda kulala nimeridhika, jambo ambalo katika umri wa miaka sitini na tisa halitokei kila siku.

Jumatano Venance akaja nyumbani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Vuta kiti."

"Sikai. Mama Rozina kapigiwa simu, kaambiwa nabeba mbuzi mbele. Kasema kesho nipeleke ndizi kwake Nyantakara, nishushe mzigo, nimwachie funguo."

Rozina ndiye mwenye Fuso, na sheria yake kila mtu anaijua. Tangu dereva wake wa kwanza alipojaza shemeji watatu mbele hata akashindwa kuingiza gia, kiti cha pembeni hakikaliwi na kiumbe chochote.

"Lakini nani ataamini habari ya mbuzi?" nikamuuliza.

"Wameamini kwa sababu ulitaja mkanda." Akajigusa katikati ya nyusi. "Lile jiwe lilirushwa na tairi la lori la semi, babu. Lilikuwa linakuja hapa."

Nikamwambia kesho nakwenda naye.

Asubuhi nikafungua mlango wa mbele. Venance akatikisa kichwa. "Mbele hapandi mtu. Unataka nifukuzwe mara mbili?" Kwa hiyo nilipanda juu ya mikungu. Mkungu wa ndizi ukiuona sokoni ni laini. Ukiukalia kutoka Kirushya hadi Nyantakara, una mifupa kuliko wewe. Miaka thelathini na moja niliendesha malori barabara hizi na sikuwahi kujua kwamba mzigo nao unachoka. Nilifika sina mgongo. Vijana wawili walinishusha kama gunia la maharage.

Rozina alikuwa amesimama uani, khanga kiunoni, mkono tayari umenyooshwa kupokea funguo.

"Shikamoo, mzee Juvenali. Umekuja kumzika dereva?"

"Marahaba, mama. Nimekuja kumzika mbuzi. Hakuwepo. Nilimtunga."

"Wewe ndiye uliyesema mamba wa mto Ruvubu alikusimamisha akaomba lifti."

"Ndiye."

"Akashukia wapi?"

"Rulenge, mama. Lakini hii ya leo ni kweli."

"Na ya mamba uliniambia hivyo hivyo." Akamgeukia Venance. "Lete funguo."

Venance akazitoa mfukoni. Nilitamani kukaa chini. Nilikuwa nimechoka mwili, na zaidi nilikuwa nimechoka kuwa mimi. Mtu anasema uongo maisha yake yote kwa ajili ya kuchekesha, halafu siku anayohitaji neno moja la kweli anakuta halina mnunuzi.

"Usiniamini mimi," nikasema. "Njoo ukiulize kioo."

Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini vioo nilijisomea mwenyewe kwa nyundo, nyuma ya gereji, nikivunja vilivyokwisha kuharibika. Nikamweleza. Cha mlangoni ni kioo kimoja. Kikipigwa na kitu kigumu kinamwagika chote, punje punje kama mahindi. Cha mbele ni vioo viwili vyembamba, katikati wamebandika utando wa plastiki mgumu usioonekana. Jiwe likija, kioo cha nje kinakufa, utando unamshika marehemu asianguke, na cha ndani mara nyingi hata habari za msiba hakijapata.

"Maneno," akasema Rozina.

"Basi fumba macho."

Alisita, lakini akapanda kwenye kiti cha dereva, akafumba. Nikamwambia apapase mahali nyufa zinapoanzia. Kiganja chake kikapita, kikarudi.

"Laini," akasema.

"Ukucha haukwami?"

"Haukwami."

"Sasa shuka, pitia nje."

Akakanyaga bampa, akapapasa. Kidole kikafika kwenye kishimo, kikasimama. Akakitoa haraka, akakitazama: tone dogo la damu.

"Beberu alikuwa ndani, mama. Pembe zingeanza na kioo cha ndani. Cha ndani kizima."

Rozina alinyonya kidole. Kisha akarudi ndani ya gari, akakaa pale anapokaa Venance, akatazama moja kwa moja mbele. Kile kishimo kilikuwa sawasawa na uso wake.

"Venance," akasema aliposhuka, "hukuniambia lilikuwa linakuja usoni."

"Nilikwambia ni jiwe, mama."

Akamrudishia funguo. Akasema kioo kibadilishwe kabla gari halijabeba mzigo mwingine. Mimi hakuniomba radhi, wala sikustahili. Aliniambia tu, "Mzee, ulipomtungia mbuzi ndipo umfutie."

Tulirudi Kirushya na gari tupu. Nilikwenda mlango wa mbele, nikiamini sasa mambo yamekwisha.

"Nyuma, babu," akasema Venance. Lakini alinitandikia magunia mawili.

Jumapili nikasimama kwa Secilia, mkono kiunoni kwa maumivu, nikawaambia wote: hapakuwa na mbuzi, ni jiwe, kioo kina utando, nikaeleza mpaka ukucha. Kisha mzee Ntakirutimana akaweka kikombe chini.

"Juvenali, uongo wako umeanza kuchuja," akasema. "Plastiki isiyoonekana? Bora ya beberu."

Nikaketi. Secilia akaniletea kikombe, akaniuliza kwa upole kama yule beberu alikuwa na ndevu.