Mlima Ulionyooshwa

Saa tatu asubuhi ya Jumanne, Hellen alikuwa kwenye studio yake pale Tukuyu, nyuma ya duka la mbolea, akihariri wimbo wa wachuma chai. Aliurekodi mwenyewe shambani, upande wa Masukulu, maikrofoni akiwa ameifunga kwenye tenga la mama yake, Atuganile. Wanawake waliimba huku wanachuma na kupanda mlima. Kwenye mwinuko wimbo ulipungua mwendo, kileleni ukanyamaza wakipumua, kwenye mteremko ukakimbia. Kwenye kompyuta, mstari wa mwendo ulikuwa na umbo la mlima uleule.

"Unachechemea," alisema Ezron, msimamizi wa shamba, mwavuli wake ukichuruzika sakafuni. Alitaka kuupiga kwenye vipaza sauti, watu wachume kwa kuufuata. "Unyooshe, uwe na mwendo mmoja mwanzo mpaka mwisho. Na hicho kimya kitoe. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Kazi ni kazi. Hellen alifuta nukta zote za mstari, akabakiza moja, akaandika mapigo mia na ishirini kwa dakika, akahifadhi juu ya faili la zamani. Kosa la kitoto, lakini alilifanya.

Kule shambani mlima ukalala. Hakukuwa na kishindo. Wanawake walijikuta wamesimama tambarare, chai imetandazwa mbele yao kama mkeka. "Haya, pamekuwa sawa," alisema mmoja, wakaendelea kuchuma. Ezron alifika, akatazama, akaenda kwenye ubao wa ofisi. Alifuta kiwango cha kilo thelathini kwa siku, akaandika arobaini. Mlima haupo, alisema, na kisingizio hakipo.

Mtu wa mbali atasema afadhali, nani anapenda kupanda mlima na tenga mgongoni? Thubutu! Huyo hajawahi kuchuma chai. Kileleni ndipo walipokuwa wakiketi. Hakuna aliyewaruhusu wala kuwakataza. Ilikuwa desturi tangu enzi za bibi zao, anayefika juu anaketi mpaka wa mwisho afike. Sasa tambarare ina juu wapi? Kwa siku tisa Atuganile, mama wa miaka hamsini na minane mwenye kifua kinachobana, hakuketi. Siku ya kumi akaenda studio na mabuti yake ya shamba.

"Shikamoo mama. Karibu, kaa."

"Sikai hapa. Nataka kukaa kule. Nirudishie mlima wangu."

"Mama, Ezron atakasirika. Kazi zote za shamba ananipa mimi."

"Nimekuuliza habari za Ezron? Kila siku anatuimbia ngoja ngoja huumiza matumbo, matumbo ya nani? Mimi kifua kinaniuma!"

Hellen aliona aibu. Faili la zamani halikuwepo tena, basi akawasha maikrofoni. Atuganile akaimba peke yake, akipandisha miguu palepale sakafuni, na Hellen akaweka nukta moja baada ya nyingine kuifuata pumzi yake. "Hapa pana utelezi," alisema mama, akapunguza. "Hapa pana jiwe." Kisha akanyamaza, akavuta kigoda, akaketi.

"Kimya kiwe kirefu kiasi gani?" aliuliza Hellen.

"Mpaka mama Prosper afike, yeye ndiye wa mwisho. Goti linamsumbua."

Kimya kikawa cha dakika kumi na moja. Hellen akahifadhi, na kule Masukulu mlima ukasimama tena, safari hii mkali zaidi, kwa sababu Atuganile alikuwa amechoka. Ezron akapiga simu.

"Unyooshe!"

"Sinyooshi. Na faili sikupi. Kazi zako mpe mwingine."

Akampa mwingine kweli. Ubao haukufutwa, mlima ulirudi lakini arobaini ikabaki. Jioni ile Atuganile alishuka baada ya kuketi dakika zake zote kumi na moja, akaweka tenga kwenye mizani. Thelathini.

"Hujafikisha," alisema Ezron. "Naandika jina lako kwenye daftari la wasiofikisha."

"Andika. Tena andika kwa wino, hiyo penseli inafutika."

Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wanawake thelathini na mmoja, kila mmoja na kilo zake thelathini, wala hakuna aliyekuwa na haraka. Ezron akatoa kalamu ya wino, akafungua ukurasa mpya.