Kibali cha Wanzuki

Kwanza tuelewane: Flavia hakuwa mlevi, wala mama yake hakuwa mlevi, na anayebisha na aje abishe mbele yangu. Flavia alikuwa na mgahawa wa kahawa karibu na stesheni ya Tabora, chumba kimoja cha mbele na mabenchi barazani, na watu wa reli wakitoka zamu walipitia kwake kupasha koo kabla ya kwenda kulala. Biashara aliachiwa na marehemu mumewe, akaiendesha vizuri kuliko marehemu mwenyewe, Mungu amrehemu, maana yule bwana alikuwa akiunguza buni.

Lakini mwaka ule kahawa iliadimika. Sukari ndiyo usiseme. Flavia akienda duka la ushirika asubuhi anaambiwa njoo jioni, akienda jioni anaulizwa asubuhi ulikuwa wapi. Akaanza kuchanganya buni na mahindi ya kukaanga. Wateja walikunywa wakanyamaza kwa heshima, kisha wakaanza kupitia upande wa pili wa barabara.

Na hapo ndipo palipokuwa na moto. Ilikuwa imetangazwa operesheni ya wasio na kazi: asiye na shughuli ya kueleweka mjini apakiwe kwenye lori akalime kijijini. Kulima hakukumtisha Flavia, alikulia kwenye jembe huko jirani na Kipalapala. Kilichomtisha ni mama yake, aliyelazwa hospitali ya Kitete, miguu imevimba, haketi mpaka ainuliwe, na chakula hakipiti ila uji aliopika Flavia. Ndugu wengine walikwisha hamishiwa vijiji vya mbali, kila mmoja na yake. Flavia akipakiwa, mgonjwa ataachwa na nani?

Asali, hata hivyo, ilikuwepo. Tabora ikose vyote, asali haikosi. Flavia akapiga moyo konde, akaenda kuomba kibali cha kuuza wanzuki, ile pombe ya asali, jioni tu, na kahawa asubuhi kila itakapopatikana. Afisa biashara alikuwa mgeni, Bwana Anton, kijana aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Akamsikiliza vizuri tu.

"Mama, mimi sina neno," alimwambia. "Ila majirani wasikilizwe, na balozi wako wa nyumba kumi atoe kauli. Balozi akikubali, kibali utapata."

Flavia alitoka pale anacheka peke yake. Balozi wake si Mfaume! Mfaume fundi cherehani, Mzaramo aliyekuja na treni ujana wake, akaoa hapa, akazeekea hapa. Mtani wake! Tangu enzi za misafara, Mnyamwezi akiteremka pwani na pembe begani na Mzaramo akimpokea njiani, hao wawili ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana. Kila asubuhi Mfaume aliketi benchi la Flavia, akajichukulia kashata bila kuomba, akaonja kahawa na kukunja uso.

"Wewe mpagazi, kahawa hii au umeoshea miguu?"

"Kunywa, mla nazi," Flavia humjibu. "Kwenu hata hiyo ya kuoshea miguu hamna."

Watu wakavunjika mbavu. Mtani akikutukana hukasiriki, na ukikasirika aibu ni yako. Tena mtani ndiye anayekusimamia siku ya shida, wakati wengine wanatafuta mlango wa kutokea. Flavia alilijua hilo, ndiyo maana usiku ule alilala usingizi mnono.

Kikao kikafanyika mchana, ofisi ya tawi, majirani wamejaa mpaka dirishani. Mzee mmoja alinung'unika kwamba msikiti uko karibu. Flavia akaahidi kufunga mapema na kutopiga ngoma. Kisha akasimama Batuli, muuza maandazi wa nyumba ya pili, mikono kiunoni.

"Mimi Mwislamu. Pombe siigusi, na mwanangu akiigusa nitamvunja mkono. Lakini Flavia ni mtu wangu, na mama yake yuko kitandani. Mpeni auze. Harufu ikituzidi tutafumba pua."

Watu wakacheka, Bwana Anton naye akatabasamu. Mambo yalikuwa yananyooka. Akamgeukia Mfaume. "Balozi, wewe ndiye unayemfahamu mama huyu. Unasemaje?"

Mfaume akasimama, akajikohoza, akamtupia Flavia lile jicho lake la kila asubuhi.

"Huyu?" alisema. "Huyu mumpe pombe? Si afadhali mumkabidhi fisi bucha! Ukoo mzima walevi hawa. Mama yake mnadhani anaumwa? Kalewa tangu Sabasaba, hajazinduka! Na huyu mwenyewe akipika debe, nusu anamaliza yeye, usiku anagombana na mlango. Wanaume wanaoingia mle ndani mkiwahesabu mtachoka."

Ofisi nzima iliangua kicheko. Flavia alicheka mpaka akajifuta machozi, huku akilitafuta la kumrudishia, maana la mama lilikuwa kali na lilitaka jibu la kufanana nalo.

Bwana Anton hakucheka. Alikuwa anaandika. Alipoinua uso aliuliza, "Balozi, hayo uliyoyasema ni kweli?"

Kicheko kikakatika. Jamani, jibu lilikuwa moja tu, na hata mtoto mchanga wa Tabora angelitamka: utani, bwana afisa, huyu ni mtani wangu. Basi! Mtu angefungua mdomo akafunga, mambo yakaisha.

"Bwana, hawa wawili ni..." Batuli alianza.

"Nimemuuliza balozi," Anton alimkatiza. "Hiki ni kikao cha serikali. Kama balozi amekuja hapa kufanya mzaha, nitajua la kufanya na ubalozi wake."

Flavia alimwona Mfaume akivua kofia. Akamwona anatazama dirishani, anatazama kofia yake mkononi, anatazama kila kitu isipokuwa yeye. Ubalozi! Ubalozi wenyewe hauna mshahara wala shamba, ni kubisha hodi kwenye milango ya watu na kuitwa kiongozi. Kwa hicho!

"Ni kweli," akasema Mfaume.

"Mfaume!" Flavia alikuwa amekwisha simama. "Mwambie! Mwambie mimi ni nani kwako!"

"Nimesema niliyoyasema," akajibu Mfaume, akaketi.

Basi, kibali kikanyimwa hapo hapo. Na kwa kuwa mgahawa hauna kahawa, akasema Bwana Anton, mgahawa huo si shughuli, jina la Flavia lipelekwe pamoja na ya wengine wa kupakiwa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyetimiza wajibu, na hilo lilimuuma Flavia zaidi.

Alirudi nyumbani na hasira yake. Alishika birika akaliweka, akashika ufagio akautupa. Si tusi lililomchoma. Matusi ya Mfaume alikuwa ameyala miaka yote kama kashata. Kilichomchoma ni kwamba mtu yule yule, kwa mdomo ule ule, aliyachukua maneno ya mchezo akayatia muhuri. Mama yake mzazi, mwanamke aliyekuwa akiwahi misa kabla jogoo hajawika, sasa ni mlevi kwa kauli ya serikali! Batuli alikwenda kwa afisa kumweleza habari ya utani. Akajibiwa kwamba balozi aliulizwa mbele ya watu wote, akathibitisha. Mtu gani anathibitisha utani? Batuli hakuwa na jibu, na wewe msomaji kama unalo, mpelekee.

"Uji nitampelekea mimi," Batuli alimwambia Flavia. "Akikataa nitambembeleza. Akikataa tena nitamgombeza."

Flavia alimshika mikono, akamweleza uji wa mama unavyopikwa.

Asubuhi ya lori watu walijaa barabarani. Flavia alisimama na mzigo wake wa nguo na sufuria, jembe juu yake. Mara umati ukapisha, Mfaume huyo anakuja, kanzu haijafungwa vifungo. Hakuwa amekanyaga barazani kwa Flavia tangu siku ya kikao. Alisimama mbele yake, akalazimisha kicheko.

"Wewe mpagazi!" alipaza sauti. "Babu zako walikwenda kwa miguu, wewe leo unapandishwa lori! Mbona umenuna, hujui raha?"

Watu wakangoja. Waliijua zamu ya Flavia. Naye majibu alikuwa nayo, mengi, yamempanda mpaka kwenye ulimi, na lolote kati ya hayo lingemfanya Mfaume acheke na arudi nyumbani ale chakula chake kwa amani.

Flavia aliweka mzigo chini. Akapiga magoti kwenye vumbi, kama binti anavyomwamkia mzee wa ugenini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Hakuna aliyecheka. Mfaume alirudi nyuma hatua, kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Flavia, usinifanyie hivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Nitukane. Nakuomba, mwanangu, nitukane."

Flavia alisimama, akakung'uta magoti, akabeba mzigo wake.

"Hapana, baba," alisema. "Mtu nisiyemfahamu simtukani."

Akapanda lori, akampa Mfaume mgongo mpaka gari likaondoka.