Bao la Figueiral

Alhamisi asubuhi Zuleide Pacheco alikuwa akitafuta tarehe tu. Klabu ilitaka cheti cha kutundika ukumbini, chenye siku na dakika ya kila bao la mshambuliaji wake Pavio, na kwa kuwa yeye si mtu wa kubahatisha, alifungua ripoti za waamuzi ambazo shirikisho la soka la jimbo lilikuwa limeziweka kwenye mtandao juma lile. Akazipitia moja moja, kahawa ikipoa mezani. Alipofika kwenye mechi ya Figueiral ya miaka miwili nyuma, alisoma mstari mmoja mara tatu: dakika ya sabini na nane, namba nne wa Figueiral amejifunga.

Kwenye daftari lake bao hilo lilikuwa la Pavio. 

Tecelões ni timu ya wafumaji wa kiwanda cha nguo kilichokufa zamani. Kombe la maana haina, na uwanja wake una paa upande mmoja tu. Lakini takwimu zake zimekamilika tangu mechi ya kwanza, na watu wa mji wa Pedra Miúda huzionea fahari kama wenzao wanavyoonea fahari vikombe. Zuleide, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa amezitunza kwa miaka thelathini na mmoja kwa sheria moja: redio hupiga kelele, mwamuzi huandika, nasi tunafuata maandishi. Siku ya Figueiral alikuwa msibani, kaka yake amezikwa asubuhi. Alisikiliza redio jikoni kwa wafiwa, akaandika alichokisikia, akajiambia atahakiki ripoti ikifika. Haikufika, naye akasahau. Miaka thelathini na mmoja, kosa moja, na likaangukia papo hapo pasipotakiwa.

Kwani rekodi ya klabu ilikuwa mabao mia moja themanini na saba ya marehemu Nelsinho Bigode, na haikuguswa kwa zaidi ya miaka hamsini. Mji mzima uliamini Pavio ameifikia, na kwamba Jumapili, mechi ya mwisho ya msimu, bao moja tu lingeivunja. Jumatatu Pavio angepanda ndege kwenda kucheza Thailand, na kwa miaka yake thelathini na mitatu hakuna aliyemtarajia kurudi. Kwa ripoti ile, alikuwa na mia moja themanini na sita. Alihitaji mawili.

Zuleide, ambaye mji ulimwita Dona, yaani Bibi, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa klabu, Bwana Evandro Quintão, Seu Evandro kwa wenyeji, mwenye duka la vigae. Alimkuta katikati ya maboksi ya fulana zilizochapwa namba 188.

“Nani mwingine ameiona karatasi hii?” Seu Evandro akauliza.

“Iko kwenye mtandao. Yeyote anaweza kuiona.”

“Huyo yeyote hana kazi ya kusoma ripoti za waamuzi, Dona Zuleide. Wewe peke yako ndiye mwenye maradhi hayo.” Akacheka, kisha akaacha ghafla. “Meya anakuja. Fulana ndizo hizi. Nakuomba kwa heshima zote, ugua macho mpaka Jumatatu.”

“Na kwenye kipaza sauti nitasema nini?”

“Kilichomo daftarini. Si umekiandika kwa mkono wako mwenyewe?”

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Pedra Miúda bao likiingia, uwanja hunyamaza. Watu husubiri Dona Zuleide, juu kwenye kibanda chake cha mbao, ataje mfungaji na idadi ya mabao yake, ndipo washangilie. Wageni huona ni wehu. Wenyewe husema bao ambalo Dona hajalihesabu bado liko hewani.

Ijumaa saa nne asubuhi, Tijolo akabisha hodi. Alikuwa kiongozi wa mashabiki wanaojiita Fúria, mtu mfupi, mpana, mpole wa sauti. Mwaka uliotangulia gari la mwamuzi mmoja liliteketea adhuhuri mbele ya baa iliyojaa watu, na hakupatikana hata mmoja aliyeona kitu. Tijolo alibeba mfuko wa maandazi ya jibini, yangali moto.

“Mwalimu, shikamoo. Wanikumbuka? Ulinifundisha hesabu darasa la nne, nikafeli.”

“Ulifeli kwa kuwa hukuja shule.”

“Kweli tupu!” Akacheka, akavuta kiti bila kukaribishwa. “Lakini nasikia siku hizi hata mwalimu anakosea kujumlisha.”

Zuleide alimmiminia kahawa, nyingine ikamwagika kwenye kisahani. Tijolo akajifanya hajaona. Alikula andazi taratibu, macho yakizunguka nyumba.

“Mama bado analala chumba hiki cha barabarani?”

“Bado.”

“Kioo chake chembamba mno. Mpira ukipotea njia tu, kwisha.” Akajipangusa vidole. “Sisi tumeshachora bango la mita arobaini, mwalimu. Vijana wana furaha, na vijana wenye furaha hawana shida na mtu. Mdomo uliponza kichwa, unajua mwenyewe.”

Kisha akainuka, akaingia chumbani kwa Dona Alzira, ajuza wa miaka themanini na tisa, akapiga goti na kuomba baraka kama ilivyo desturi kwa vijana waliolelewa vizuri. Ajuza akambariki kwa furaha. Zuleide alisimama mlangoni, akiuangalia ule mkono mnene umeshika vidole vya mama yake, na hofu iliyompata pale sijui kama kuna neno lake. Tijolo alipoondoka, alikisukuma kitanda cha mama hadi chumba cha nyuma, peke yake, na mgongo wake mbovu.

“Kwa nini unanihamisha?” mama akauliza.

“Upepo, mama.”

Jumapili uwanja ulijaa saa mbili kabla ya mpira. Zuleide alipanda ngazi za kibanda akiwa hajala tangu jana. Alikuwa amepanga kusema ukweli. Alipanga hivyo alipokuwa akioga, akapanga tena njiani, na kila alipopanga aliona kioo kikivunjika.

Dakika ya thelathini na moja ikapigwa kona. Pavio akaruka juu ya mabeki wawili, akaupiga kichwa, wavuni.

Uwanja ukanyamaza, watu elfu sita. Tijolo alikuwa amepanda uzio, ameupa mpira mgongo, anamtazama yeye tu. Uwanjani Pavio naye alikuwa amegeukia kibandani, mikono kiunoni, anahema. Zuleide alikibonyeza kitufe. 

“Mfungaji, Pavio,” akasema. “Bao lake la mia moja themanini na nane.”

Fataki zikalipuka, bango likashuka, meya akakumbatiana na watu asiowajua. Wazee walilia. Mara kocha akainua ubao wa kubadilisha mchezaji, kama Seu Evandro alivyokuwa ameagiza: mvunja rekodi atoke, azunguke uwanja na fulana yake, apigiwe makofi peke yake. Pavio akatikisa kichwa. Akamwendea kocha, akazungumza kwa mikono, akaonyesha saa. Watu wakasema, tazameni unyenyekevu wake. Kocha akamshika bega, akamtoa.

Dakika ya sabini Tecelões wakapata penalti. Ikapigwa na mchezaji wa akiba, ikaingia. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa kweli jioni ile mjini hapakuwa na kingine.

Zuleide alibaki kibandani mpaka jukwaa likawa tupu. Pavio akapanda, nywele mbichi, fulana ya 188 begani. Akafunga mlango nyuma yake.

“Dona Zuleide, lile la Figueiral sikuligusa.”

Zuleide akalifunga daftari.

“Wenzangu waliniparamia kwa furaha kabla sijafungua mdomo. Nikajisemea, Dona atalirekebisha, hakuna kinachompita. Mimi ningesema, wangedhani najitia unyenyekevu. Ni wewe wanayekuamini.”

“Nililiona Alhamisi,” Zuleide akasema, machozi yakimtoka. “Waliniogopesha, mwanangu. Walikuja hadi kwa mama yangu.”

“Najua wanavyokuja.” Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. “Leo nilipofunga nilisema, sawa, nimelingana na mzee Nelsinho. Nina saa nzima ya kutafuta jingine. Nikageuka kukusikiliza useme.”

Akaishusha fulana begani, akaikunja vizuri, akaiweka mezani juu ya daftari.

“Ile penalti ningeipiga mimi,” akasema, akashuka ngazi.