Ghorofa ya Tisa ya Mnara wa Chumvi

Cherono aliikuta ile gemu ndani ya boksi la viatu vya mama yake, siku aliyokuwa akitafuta kadi ya bima. Ilikuwa saa tisa alasiri. Alikuwa amesimama tangu saa kumi na nusu alfajiri katika kliniki ya figo huko Rockville, akichoma watu sindano na kuwaunganisha na mashine za kusafisha damu, na miguu ilikuwa imemvimba hadi soksi zikaacha alama. Kwa hiyo alipoiona hakushangaa wala kufurahi. Alikaa tu sakafuni, maana alikuwa akitafuta sababu ya kukaa.

Ilikuwa gemu ya kushika mkononi, ya kijivu, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Mfuniko wa betri ulishikiliwa na plasta ya hospitali. Kaseti bado ilikuwa mgongoni mwake, na maandishi yake yalikuwa yamefifia, lakini aliyajua bila kuyasoma: Mnara wa Chumvi.

"Nani yuko huko?" mama yake aliuliza kutoka sebuleni.

"Ni mimi, Mama. Cherono."

"Cherono yuko shule," alisema Edna, kama mtu anayemsahihisha mgeni.

Cherono hakubishana. Mama yake alikuwa na miaka sabini na mbili, na tangu mwaka juzi akili yake ilikuwa ikitoka na kurudi ipendavyo. Asubuhi alishinda na jirani yao, Mumbi. Kuanzia saa nane alikuwa wa Cherono. Kaka yake, Phineas, alikaa College Park, mwendo wa dakika ishirini kwa gari kutoka hapo Silver Spring, na alikuwa hajakanyaga pale kwa miezi minane. Kila Cherono alipomwandikia, jibu lilikuwa moja: niko kazini, labda wiki ijayo. Mwishowe Cherono aliacha kuandika. Kukasirika nako kunataka nguvu, naye nguvu hakuwa nazo.

Walikuja Marekani kutoka Kericho yeye akiwa na miaka kumi na Phineas kumi na tatu. Baba yao alibaki, akaahidi kufuata, akaoa mke mwingine. Edna alikuwa akitunza bibi mmoja mzee huko Rockville, na huyo bibi ndiye aliyempa ile gemu, kwa kuwa wajukuu wake walikuwa wameichoka. Watoto wawili wakawa wanarudi kutoka shule, wanajifungia mlango kama walivyoagizwa, na kushinda wameinamia kioo kidogo cha kijani hadi mama arudi. Ndani yake mlikuwa na kijana mchukuzi wa chumvi na punda wake, wanaopanda mnara wa ghorofa tisa kumwamsha mfalme aliyelala. Phineas ndiye aliyecheza. Cherono alikuwa msomaji, kwa sababu Kiingereza kilimwingia haraka zaidi. Mzee wa kisimani ndani ya gemu aliposema jambo, Cherono alilitafsiri, na Phineas akajua aende wapi.

Walifika ghorofa ya tisa baada ya miezi mitano. Phineas alimwahidi kwamba siku ya kumwamsha mfalme watabonyeza pamoja. Halafu siku moja alikuja na rafiki kutoka shule, mvulana mwenye viatu vyeupe, wakakaa kitandani na gemu. Cherono alipowasogelea, Phineas alisema kwa Kiingereza, "Ondoka hapa, usiniaibishe." Kiingereza chenyewe Cherono ndiye aliyemfundisha.

Kesho yake, Phineas akiwa bafuni, Cherono aliifungua gemu akafuta kila kitu. Mashine ilimuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Phineas alipogundua alilia hadi akapata kwikwi, naye Cherono akamwambia kwamba labda betri ya ndani ya kaseti imekufa, maana alikuwa amesikia kaseti zina betri za kutunza kumbukumbu. Phineas alimwamini. Hakuigusa tena.

Sasa, akiwa sakafuni na miaka thelathini na minane, Cherono alitia betri mpya. Gemu iliwaka, ikatoa kile kimlio chake cha kwanza, naye akatazama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani.

Jioni ya siku ya pili aliipeleka kwa Fahmi, Mzanzibari aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na stesheni ya treni. Fahmi aliipindua mara mbili tatu.

"Yawaka, lakini haitunzi," alisema. "Betri ya kaseti imekwisha, dada. Zikishafika miaka ishirini na kitu huwa ndiyo basi. Ulikuwa na kitu ndani?"

"Hapana," alisema Cherono. "Hakuna kitu."

"Basi hujapoteza. Nitakutilia mpya. Ya mtoto?"

"Ya kaka yangu."

Alikuwa hajapanga kusema hivyo. Lakini alipokuwa akitembea kurudi nyumbani, lile jambo lilikuwa limeshakaa kichwani: atacheza hadi ghorofa ya tisa, aihifadhi pale pale Phineas alipokuwa ameachia, ampelekee. Lilikuwa wazo la kijinga na alilijua hivyo. Ila kila kitu kingine cha busara alikuwa amekifanya, na hakuna kilichosaidia.

Alicheza wiki tatu. Alicheza alasiri, mama yake akisinzia kwenye kiti, au akisubiri nguo zikauke chini kwenye chumba cha mashine za kufulia. Kioo hakikuwa na taa, ikabidi akae dirishani na kukielekeza kwenye jua. Kitufe kimoja kilikuwa kinanata. Na ulimwengu aliokuwa akiukumbuka, ule uliokuwa mkubwa kiasi kwamba aliwahi kuota amepotea ndani yake, ulikuwa mdogo ajabu. Kijiji cha kwanza kilikuwa na nyumba nne. Msitu uliomtisha ulikuwa mti mmoja uliochorwa mara sitini. Yule mzee wa kisimani, ambaye kwa Cherono wa miaka kumi alikuwa na maneno mazito kama ya kanisani, alikuwa na sentensi tatu tu, anazirudia.

Hakufurahia. Ilikuwa kazi, kama kazi nyingine, na mara nyingi alisinzia akaamka mchukuzi wake ameshakufa. Lakini mikono ilikumbuka. Kwenye ghorofa ya nne vidole viligeuka kushoto kabla yeye hajajua kwa nini, na hapo ukutani palikuwa na ule mlango wa siri, naye akamwona kabisa Phineas wa miaka kumi na tatu, ulimi nje, magoti juu, akisema, "Soma basi, Cherono, anasemaje?"

"Nani anakusumbua?" Edna alimuuliza siku hiyo, maana alimwona akijipangusa macho.

"Usingizi tu, Mama."

Alipofika ghorofa ya tisa alihifadhi, akazima, akampigia Phineas simu badala ya kumwandikia. Alimwambia anakuja kazini kwake kesho mchana, Mumbi atabaki na Mama, wala hamwombi ruhusa.

Phineas alikuwa fundi wa mitambo ya joto pale chuo kikuu. Alitoka akiwa na ovaroli, funguo zikining'inia kiunoni, na Cherono aliona kwamba ndevu zake zimekuwa na mvi. Wanafunzi walipita na kahawa zao. Wakakaa kwenye benchi.

"Mama?" alisema kwanza.

"Mama yuko. Sikuja na msiba." Akampa ile gemu.

Phineas aliitazama. "Hii kitu bado iko?"

"Washa."

Aliwasha. Akaona ghorofa ya tisa, punda, mlango wa mfalme. Cherono akamwambia yote, haraka, kama mtu anayeng'oa plasta: rafiki mwenye viatu vyeupe, kufuta, uongo wa betri. Alimwambia na zile wiki tatu. Alipomaliza alingoja.

Phineas alikunja uso. Haikuwa hasira. Alikuwa anatafuta.

"Nililia?" aliuliza.

"Ulilia hadi ukapata kwikwi!"

"Aisee. Sikumbuki, Cherono. Namkumbuka punda. Na vile ulikuwa unanisomea." Alibonyeza vitufe, mchukuzi akatembea hatua tano, joka la chumvi likamla. Phineas akacheka kidogo. "Nimekufa tayari. Mtu unabeba kitu miaka yote hiyo? Hiki?"

Cherono alitaka kucheka naye, lakini kilichotoka kilikuwa kilio. Hakikuwa cha gemu. Kilikuwa cha kuamka saa tisa na nusu usiku, cha kumwosha mama yake ambaye wakati mwingine alimuuliza yeye ni mfanyakazi wa nani, cha miezi minane. Alilia kwenye benchi mchana huo, mbele ya wanafunzi wa watu, akiwa amechoka mno hata kujificha.

"Kwa nini huji?" alisema. "Niambie tu. Mimi sina nguvu ya kugombana."

Phineas alizima gemu akaiweka katikati yao.

"Mara ya mwisho ulikuwa umeenda dukani," alisema. "Mama aliamka akanikuta. Aliniita jina la baba. Nikamwambia, Mama, ni Phineas. Akasema usinidanganye, umerudi kufuata nini baada ya kutuacha. Akanirushia kikombe. Chai ya moto. Kisha akalia, Cherono. Alilia vile sijawahi kumwona akilia, hata wakati ule. Nilipanguza chai, nikaondoka kabla hujarudi."

"Hukuniambia."

"Ningesema nini? Kwamba nina uso wa baba? Kila nikiingia pale namrudishia yule mtu." Alijishika taya kwa kiganja, kama anayepima. "Niliona afadhali nisiende. Nilijua unanichukia. Hiyo ilikuwa rahisi zaidi."

Cherono alifikiria wagonjwa wake, namna wazee fulani walivyoongea na marehemu wao wakiwa kwenye mashine, na namna alivyojifunza kutowakatalia. Alikuwa amejua la kufanya kwa wageni miaka yote.

"Usimbishie," alisema. "Akikuita baba, kuwa baba."

"Niwe baba? Niseme nini?"

"Kile ambacho baba mwenyewe hakusema."

Phineas alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, amevaa shati la kanisani. Cherono alikuwa jikoni akikata sukuma wiki, na aliuacha mlango wazi ili asikie. Edna alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Aligeuka, akamtazama mwanawe kuanzia viatuni kupanda juu.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi," alisema Phineas. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulituacha."

"Niliwaacha."

"Ulisema mwezi wa nane utakuja. Niliwaambia watoto. Wakawa wanahesabu siku."

Kisu cha Cherono kilisimama. Alikumbuka kuhesabu, hakujua kama mama yake aliona.

"Nilikosa, Edna," alisema Phineas. Hakuwahi kumwita mama yake kwa jina, na lilimtoka kama kitu cha kuazima. "Nilikukosea wewe na watoto. Nisamehe."

Cherono alichungulia. Mama yake hakuwa na kikombe mkononi, ila vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la leso.

"Sijakusamehe," alisema Edna.

"Sawa."

"Usikae hapo ukifikiri nimekusamehe."

"Sawa. Naweza kukaa tu?"

Edna alikaza uso kama mtu anayehesabu wageni na viti. "Kaa," alisema. "Huwezi kusimama kama askari. Ugali utapoa."

Ugali ulikuwa haujapikwa. Cherono aliteleka maji haraka, na kabla hayajachemka Phineas aliingia jikoni, macho mekundu, akauchukua mwiko mkononi mwake.

Walikula watatu. Edna alimmegea Phineas nyama ya upande wake, kwa hasira bado, akamwambia amekonda na kwamba huyo mwanamke mwingine hajui kupika. Phineas aliitikia. Alipoulizwa kama watoto wameenda shule, alisema wameenda, na kwamba yule msichana ana akili sana, ndiye anayemsomea kaka yake.

"Huyo ni wangu," alisema Edna.

Baadaye Phineas alisema ataosha vyombo, na atakaa hadi jioni. Na Jumamosi nyingine je, Cherono aliuliza. Akasema hata hiyo. Cherono aliingia chumbani, akavua viatu, akalala mchana kweupe hadi saa kumi na moja, bila hata kuota.